Kistari Kwenye Sauti ya Pili

Filamu yenyewe ilikuwa ya nyuki. Nilikuwa Kibondo, nimekwenda kumuuguza mdogo wangu aliyeteguka nyonga, na mchana mmoja jirani yake akaniambia, "Mama Apoline, twende ukumbini kwa mapadri, kuna picha ya wanawake wa Gwarama na mizinga yao. Mgonjwa amelala, wewe unamlinda asiibwe?"

Nikaenda. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane, na joto lilikuwa jingi. Binti aliyeleta mashine, Safina, aliniona nimesimama nyuma akanipa kiti chake mwenyewe. Yeye akaketi juu ya boksi la spika.

Moshi ulipita, nyuki wakapita, wanawake wakarina asali. Mimi nilitazama mikono yao tu. Mwishoni mama mmoja alifunika mzinga kwa majani ya mgomba, akaondoka bila kugeuka. Picha ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda, na watu wakaanza kusimama. Muziki nao ulikuwa unamalizika. Sauti zote zikatua chini isipokuwa moja, iliyobaki kwenye nota ya la. Kisha kimya. Watu wakavuta viti, mtoto akapiga chafya. Kimya kilipokuwa kirefu kiasi cha kudhani yamekwisha, ile sauti moja ikarudi, ikashuka. La, so. Polepole, kama mtu anayetua sufuria asimwamshe mtoto.

Nilikamata kiti cha mbele yangu. Namfahamu mtu mmoja tu duniani anayemaliza wimbo hivyo. Ni binti yangu Apoline, na sikuwa nimesikia sauti yake tangu Aprili ya mwaka 2015.

Inabidi nieleze.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Kambi ya Mtabila ilipokuwa bado ipo, kwaya yetu ya parokia iliimba pamoja na wakimbizi kutoka Burundi, na mwalimu wetu, Basile, alikuwa mmoja wao. Alitunga nyimbo na kuziandika kwa nota: do, re, mi na wenzake, kila sauti na mstari wake. Mimi nimesoma darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo kunakili ilikuwa kazi yangu. Katika nota, kama sauti inatakiwa kuendelea kushikilia pale ilipo, unaweka kistari. Huandiki herufi.

Mwaka 2001 Basile alitunga wimbo wa mavuno. Siku niliponakili, mvua ilikuwa inavuja juu ya meza. Nikainua karatasi, nikaifuta kwa kanga, nikairudisha, na jicho likaangukia pengine. Mwisho kabisa wa sauti ya pili, mahali palipotakiwa so, niliweka kistari.

Jumapili tukaimba. Sauti ya kwanza ikafika do ya juu, besi ikafika do ya chini, wa tatu wakafika mi. Sisi wa sauti ya pili, wanawake kumi na mmoja, tukabaki kwenye la kama karatasi ilivyosema. Mtu wa kwaya atanielewa: do, mi na so ni nyumbani, ni furaha. Toa so uweke la, wimbo umegeuka kilio. Tulikuwa tumemaliza mavuno kwa sauti za msiba. Nilitamani sakafu ipasuke.

Basile alicheka mpaka akafuta macho. "Mama Esteri, acha hivyo hivyo," akasema, akiniita kwa jina langu la ubatizo. "Watu wa kambini watauelewa mwisho huu kuliko wangu." Hakunitaja mbele ya kwaya, hata siku moja. Tuliimba hivyo miaka kumi na mmoja.

Apoline alikuwa na miaka kumi na tano, alisimama kushoto kwangu. Kanisani alishika la kama sisi wote. Lakini jikoni, tukiwa wawili, alikuwa akiishika ile la, ananitazama kwa pembeni ya jicho, anavuta pumzi moja, halafu anashusha so. "Nimekusahihishia, mama," anasema. Nami nampiga kwa mwiko. Jikoni tu. Hakufanya hivyo mahali pengine, wala mbele ya mtu.

Aliolewa na Niyibizi, kijana wa kambini, besi nzuri. Mwaka 2012 Mtabila ikafungwa, wakarudi kwao Burundi. Aline wao alikuwa na miaka saba, wakaniachia asome mpaka watakapojenga. Apoline alipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Mwaka 2015 kule kukaharibika. Mwezi huohuo simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji, nikakaa miezi minne bila simu. Niliporudisha laini, hakuna aliyepiga. Baadaye mama mmoja akaniambia ukoo wa Niyibizi umekimbilia Rwanda. Basi nikaelekeza macho Rwanda. Miaka tisa nimetuma salamu huko kwa kila mwenye safari. Na tangu hapo simu yangu siizimi, hata kanisani.

Sasa nirudi ukumbini. Nilimwendea Safina, nikamuuliza muziki ule umetungwa na nani.

"Kijana mmoja wa Nyarugusu, bibi. Anaitwa Trésor, Mkongomani. Unamjua?"

Nilimweleza palepale, katikati ya watu wanaobeba viti. Hakunikatiza. Akanitilia filamu nzima kwenye flashi, akaifunga ndani ya pindo la kanga yangu kwa mikono yake, akasema, "Huyo kijana sina namba yake. Nitamtafuta kambini. Nipe siku chache."

Aline alinipokea stendi ya Kasulu. Sasa ana miaka kumi na tisa, anasomea ualimu. Alinisikiliza mpaka tukafika nyumbani, kisha akasema, "Bibi, la na so ziko kwenye kila wimbo."

"Si hivi."

"Haya, Mungu akupe masikio ya tembo." Akanitazama, akaona sicheki. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, mimi nilishamaliza kulia. Usinianzishie."

Hata hivyo kesho yake alinisindikiza kwa Haidari. Huyu ana duka la simu karibu na soko, na kinanda chake anakipiga kwenye harusi. Babu yake alitoka pwani na kofia moja, yeye anapenda kusema, na kofia yenyewe ilikuwa ya kuazima. Ndiye anayenichajia simu kila umeme ukinikatikia nyumbani, na sijawahi kusikia akiguna.

"Shikamoo bibi. Leo umeleta simu au umeleta harusi?"

"Marahaba. Nimeleta muziki. Nataka uufungue kama unavyofungua simu, nione vya ndani."

Alipojua ni kwa sababu gani, utani ulimwisha. Akaweka kibao cha "Narudi" mlangoni, mchana kweupe, siku ya soko.

Tulifanya kazi alasiri tatu. Mimi nilichukua daftari nikachora mistari minne kama zamani. Haidari hajui nota, anasema anaziona kama mwandiko wa daktari, lakini ana masikio. Anasikiliza kipande, anakitafuta kwenye kinanda, mimi naandika.

Siku ya kwanza tulitenga vyombo. "Hizi nyuzi nzito za chini si watu," akasema. "Ni kinanda, kama hiki changu. Hapa kabonyeza sauti ya violini, hapa kaongeza sauti ya kwaya ya uongo. Lakini filimbi hii ni mtu." Akarudisha nyuma. "Sikia, anavuta pumzi. Filimbi ya mwanzi, na tundu moja lina ufa."

Nyuzi zilishika do ya chini tangu mwanzo mpaka mwisho, hazikuondoka. Wanawake wanapanda mlima, do. Wanawasha moshi, do. Filimbi ndiyo iliyotembea juu yake. Haidari alisema ni kama mtu amefungwa kamba mguuni, anazunguka kamba inakofika.

Siku ya pili niliandika filimbi inapiga nini. So so la so, fa mi fa so. Mkono wangu ulijua kabla ya kichwa. Nikatoa kwenye Biblia ile karatasi yangu ya mwaka 2001, yenye doa la mvua, nikaiweka kando ya daftari. Zilikuwa sawa herufi kwa herufi.

"Basi ni wimbo wenu," Haidari akasema.

"Si wimbo wetu. Ni sauti ya pili peke yake."

Nilipitia filamu yote kutafuta sauti ya kwanza, ile ambayo kila mtu angeikumbuka akitoka kanisani, ile wanayoipiga mluzi watoto. Haikuwepo. Hata mahali pa furaha, wanapoonja asali, nyuzi ndogo zilipiga sauti ya pili kwa haraka. Aliyetunga hakusikia kwaya. Mtu anayesikia kwaya anaondoka na sauti ya kwanza. Huyu aliusikia wimbo katika kinywa cha mtu mmoja, naye alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili.

Aline alikuwa amekaa juu ya ndoo, anasahihisha kazi zake. Kalamu ikasimama. "Kwa hiyo alikaa naye," akasema.

"Inaelekea."

"Karibu naye. Akamfundisha." Akasimama. "Bibi, yupo! Yupo huko huko Nyarugusu! Ni hapo tu, siku moja kwenda na kurudi!"

Haidari alitazama kinanda. Mimi nilisema tungoje Safina. Lakini mtoto aliyekataa kulia alikuwa amekwisha kushika moto. Jioni ile alitoa kanga za mama yake kwenye sanduku akazifua zote, pamoja na ile ya rangi ya chungwa iliyochanika. Akazianika kwa mpangilio, kisha akatandika kitanda cha pili. Sikumzuia. Mimi mwenyewe nilikwenda kuchagua ndizi za kuivisha, nikahesabu watu wanne.

Siku ya tatu tukafika mwisho wa muziki. Hapo nilikuwa napaogopa, kwa sababu ndipo tumaini langu lilipokuwa. Kule ukumbini nilikuwa na hakika kwamba ile so ya mwisho si chombo, ni mtu anayeimba midomo imefungwa. Nilikuwa na hakika ni yeye.

Haidari alinivika hedifoni juu ya kitambaa, akakirekebisha kitambaa changu vizuri kana kwamba mama yake anamwona. Akapunguza vitu vingine vyote. La ikabaki. Ikafifia. Kimya. Nikangoja. Kisha so, kwa pua, karibu sana na sikio.

"Haidari, rudia."

Akarudia mara sita. Mara ya saba aliivaa yeye, akampa na Aline.

"Ni mtu," akasema taratibu. "Lakini bibi, nisamehe. Huyu si mwanamke."

Aline alisema inaweza kuwa mafua. Alisema mashine hubadilisha sauti. Alisema mama amezeeka, sauti imenenepa. Haidari akajibu, "Inawezekana, mdogo wangu," lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia Aline. Nilihesabu kwa mguu kile kimya kati ya la na so. Mapigo tisa. Nikahesabu tena, tisa. Jikoni kwangu ilikuwa pumzi moja tu, ya mtoto anayetaka kucheka. Muziki wa filamu hauachi mapigo tisa ya bure. Wakati huo watu wameshatoka ukumbini. Aliyeacha tisa alikuwa na sababu. Nililala na ile tisa, nikaamka nayo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Safina alipiga simu kwamba amempata, amemwombea kibali cha kutoka kambini, na wako njiani. Aline alikwenda kusimama barabarani. Niliona kwa mbali watu wawili wanashuka kwenye gari, Safina na kijana mrefu mwenye begi. Aline akaendelea kutazama mlango wa gari, hata baada ya gari kuondoka.

Kijana alikuwa na miaka ishirini hivi, shati limepigwa pasi kwa shida. Alinipa mikono miwili. Nikamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye", akajibu vizuri. Nikamkaribisha ndani, nikamwekea maji ya kunawa. Ndizi zilikuwa tayari, na maharage, na migebuka miwili niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya mtu mwingine.

"Kula kwanza, baba," nikasema.

"Pardon, bibi, siwezi kukula mbele sijasema." Akatoa filimbi kwenye begi, akaishika tu. Ilikuwa na ufa uliofungwa kwa uzi. "Safina alinielezea mu motokari. Mi sikujua kama kuko mama yake. Tulizania alishakufa."

Aline alikuwa bado amesimama mlangoni. "Yuko wapi?"

Hakumjibu yeye. Alinijibu mimi, akitazama filimbi.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja. Batu ba Burundi balikuja bengi, tente zilikosa, bakawaweka mu kanisa yetu. Mama yangu Arielle alikuwa anabapelekea uji. Kulikuwa mama moja amelala ku ukuta, alikuja peke yake. Bwana yake alibakia kule, hatukuuliza. Alikuwa mugonjwa ya tumbo, hana nguvu. Alikuwa anaimba kidogo kidogo, ile wimbo moja tu. Mi nilikuwa nabeba kikombe, ndjo nikakaa kusikiliza. Nikajifunza ku filimbi. Alifurahi, bibi. Alisema, hapo umekosea, tena. Kila siku mwisho anashika, ananitazama hivi" — akageuza macho pembeni, vilevile, nikaweka mkono kwenye meza — "anavuta pumuzi, anashusha. Halafu anacheka."

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Kumi na moja. Alituandikia namba ya simu. Mama yangu alipiga siku tatu. Haikupatikana, na kutoka mu kambi bila kibali hatuwezi."

Pipa la maji bado liko pale nje, chini ya bomba la paa. Nililiona kupitia mlango, nyuma ya Aline.

"Siku ya mwisho," Trésor akaendelea, "asubuhi, nilileta uji. Alianza kuimba, pole sana. Akafika kule mwisho, akashika ile sauti ya juu. Mi nikangoja. Nilizania anacheza na mi, anachelewesha juu ya kunichekesha. Nikahesabu. Nikafika tisa, mama yangu akaingia, akanitosha pale, akanipeleka inje."

Safina alifunika uso kwa mtandio. Nje, mtu alipita na baiskeli akiuza samaki.

"Wale ba filamu balisema mwisho uko mbaya, ni murefu. Nikakataa. Nikasema bakate kwengine kote, hapo hapana. Ile ya mwisho, bibi, ni mimi. Hakuishusha. Ndjo nikaishusha mimi."

Aline alitoka nje. Nilimsikia anaziondoa kanga kwenye kamba, zilizokauka tangu juzi, anazikunja, anazikunjua, anazikunja tena. Baada ya muda akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa na miaka saba. Nilitaka kwenda. Safina akaenda badala yangu.

Miaka tisa nimetazama Rwanda. Alikuwa amelala ukutani, mwendo wa siku moja kwenda na kurudi, ananiita kwenye simu iliyojaa maji. Hata sasa sijui niweke wapi jambo hilo. Kila ninapoliweka linainuka.

Nilimuuliza Trésor kama uji aliweza kuumeza. Akasema siku za kwanza ndiyo, alipenda ukiwa na sukari, na mama yake Arielle alikuwa anaomba sukari kwa majirani ili apate. Nikamwambia anisalimie mama yake. Akasema mama yake amezeeka, lakini kaburi anajua liko wapi, aliliwekea mawe mwenyewe, na kila mwaka anang'oa nyasi.

"Mutu asiye na mutu," akasema. "Ndjo mama anasemaka hivyo."

"Ana mtu," nikasema.

"Ndiyo, bibi. Leo tunajua."

Nikamsogezea sahani. Safari hii alikula. Alikula samaki wote wawili, kichwa na mkia, nami nilifurahi kuona wameliwa. Kisha nikamwonyesha karatasi ya mwaka 2001. Hakujua kusoma nota, nikamwekea kidole: hii ni sauti yako, mstari wa pili. Juu yake kuna nyingine, ambayo huijui. Akashangaa kabisa. "Kuko ingine? Mi nilizania ile ndio wimbo yote."

Nikamwonyesha kistari. Nikamwambia ni kosa langu, mvua ilivuja. Aliking'ang'ania kwa macho kwa muda mrefu.

"Aliniambia," akasema. "Alisema kuko mahali mama yake alikosea, na batu bakapenda."

Waliondoka saa tisa, kibali kilikuwa cha siku moja. Tumekubaliana twende kaburini Jumanne, Safina ataomba ruhusa ya kuingia kambini. Haidari amesema atafunga duka. Aline amelala na kanga ya chungwa usoni, na sikumgusa.

Jua lilipokuwa linashuka niliitoa simu kifuani. Ilikuwa imejaa chaji, Haidari aliijaza jana. Nikaitazama. Kisha nikabonyeza kile kitufe cha pembeni, nikakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Nikakaa nayo mapajani kama kitu kilichoazimwa, cha kurudisha.

Asubuhi niliiwasha. Trésor alikuwa amesema atapiga, nimwimbie sauti ya kwanza.